Haina Frii

Haina frii.
Ukikanyaga inakwenda, ukiacha inakukanyagisha,
pedeli inapanda na goti lako, utake usitake.
Baba mdogo Kundaeli alirudi nayo toka Leipzig
mwaka ule kahawa ilipoozea ghalani,
imeviringishwa magazeti kama paja la mbuzi.
Ilizaliwa kwa uwanja wa mbao, wa kuzunguka,
ambako wote wanaelekea upande mmoja
na hakuna ng'ombe, hakuna bodaboda, hakuna kona.
Huko breki ni uzito tu.

Sisi tuna mteremko.
Toka Kibosho hadi mnara wa saa, Moshi mjini,
barabara haijui neno subiri.
Na yeye alishuka nayo hivyo hivyo,
akiikaza kwa mapaja, akimalizia kwa soli.
Mama mdogo ametunza kiatu chake cha kushoto,
kimelika kama sabuni ya mwisho wa mwezi.
"Kundaeli hana breki, ana moyo,"
walisema watu kilabuni,
nami nikalivaa neno hilo kabla ya kujua saizi yake.

Mwezi wa saba, ukungu,
nikalipasua debe la maziwa la Mama Aikande
na kidole changu cha pete.
Lita kumi na nane. Nililipa kwa mafungu.

Fundi Anande wa Pasua alirithi spana za mumewe
akazizidi.
Aliigeuza baiskeli miguu juu, akapuliza vumbi.
"Foku haina tundu. Breki nikuwekee wapi,
kwenye maombi?"
Kuna kibano, alisema, bati mbili na nati nne,
kinakumbatia foku bila kuitoboa;
lakini siku kikilegea kinaingia kwenye spoki
na wewe unaruka hando kama barua iliyokosa bahasha.
Au drili.

Nilisita mpaka chai ikapoa.
Chuma kinachonizidi umri,
nani anamtoboa marehemu sikio?
Umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika,
nikaona ni ishara. Fundi akaona ni Jumanne.
Akachukua kisu, akaanza kukwangua rangi
apate mahali pa kutia alama.
"Njoo."

Duara dogo, kama punje ya mtama iliyovimba.
Risasi.
Na rangi iliyolifunika si ya kiwandani,
ni kijani cha mlango wetu wa jiko.
Drili iliingia bila kulia.
Risasi ikatoka imejikunja, inang'aa,
na nyuma yake tundu safi, la zamani,
lenye mkwaruzo wa nati pande zote.
"Hili lina mwenyewe," alisema fundi.
"Breki ilikaa hapa miaka, siyo wiki."

Kwa hiyo aliwahi kuogopa.
Kwa hiyo ni nani aliyemwambia kwanza kwamba ana moyo,
siku gani, mbele ya akina nani,
hata akashindwa kuirudisha?

Tulifunga breki ya Fonix iliyokufa.
Mikono mifupi; raba zikagusa tairi badala ya rimu,
fundi akachonga kwa tupa, akapima, akachonga.
Waya, kaza. Legeza. Kaza tena.
Kati ya raba na rimu apite unene wa shilingi mia,
asipite wa mia mbili.

Jumapili nilishuka.
Penye kivuko cha mfereji niliivuta,
ikalia kama bawaba ya kanisa tupu,
wakageuka hata waliochelewa ibada.
Mama Aikande alikuwa pale, na debe jipya.
"Leo umesimama."
Nimesimama, mama.
Lakini chini pedeli bado zilinisukuma ndama za miguu,
maana breki ni breki,
na frii haina.

Mama mdogo sijamuuliza.
Jioni niliiegemeza kwenye mlango wa jiko.
Alipita nayo karibu mara mbili, na sufuria.
Mara ya pili alisimama,
akaibonyeza breki, akaiachia,
bila kuitafuta kwa macho.