Daftari la Julai

Funguo nilikabidhiwa tarehe mbili, jioni,
na mama wa kamati, kwa masharti matatu:
taa zizimwe saa nne,
jiko lisiingie ndani,
na kila blanketi lirudi kama lilivyotoka.
Mablanketi arobaini, ya kijivu, ya Gikomba,
yananuka dawa ya nondo.

Ukumbi wenyewe ni wa harusi.
Utepe wa waridi bado unaning'inia darini,
na ukutani HONGERA imepoteza N yake,
kwa hiyo wageni wangu wote
walikaribishwa na HO GERA.

Saa moja manyunyu yakaanza,
yale ya Julai, yasiyonyesha wala kuacha,
yanayokushika shingoni kama mtu anayekudai.

Wa kwanza Muthiani, fundi viatu, miguu mitupu.
"Unatoka wapi?" Daftari ndilo linalouliza, si mimi;
kuna safu yake, imepigwa mstari kwa rula.
"Andika ngazi za benki," akasema, "ile iliyohama."
Nikaandika.
Kageha na wanawe wawili: kibanda kando ya reli, kilichobomolewa.
Okumbe: chini ya daraja la Ngara, upande usiovuja.
Alisisitiza upande.
Nikaongeza: usiovuja.
Kisha vijana watano, mikono ya sweta imevimba kwa chupa za gundi.
Waliniachia chupa nne mlangoni.
Sikuhesabu mara ya pili.

Mzee mmoja hakutaka kutaja jina.
"Nimeandikwa mara nyingi," alisema, "sijawahi kusomwa."
Nikaweka kistari.
Umri nikakisia.

Wiki ya pili baridi ikashuka ikakaa sakafuni.
Ulisikia watu wakigeuka, magodoro yakilia,
kikohozi kikianzia dirishani
kikipokelewa mpaka jukwaani.
Saa nane usiku Okumbe akaingia na jiko ndani ya koti,
makaa yanapumua.
Vichwa vyote vikainuka.
Hata mimi, Mungu anisamehe, nilinyoosha viganja kwanza,
ndipo nikalitoa nje.
Nikawasimulia nyumba moja kule Mukuru:
watu watatu, dirisha limezibwa kwa gunia, jiko katikati,
wakakutwa asubuhi wamelala vizuri mno.
Hakuna aliyejibu.
Okumbe akanipa mgongo mpaka kukucha.

Usiku uleule, saa tisa, mlango ukabishwa.
Mtoto wa miaka tisa hivi, ameloa,
na kifuani amekumbatia mbwa mdogo, macho hayajafunguka sawasawa.
Nilikuwa na watu arobaini, mablanketi arobaini.
Mbwa hakutajwa katika masharti.
Nilisimama pale na kalamu yangu
kama karani wa mahakama,
upepo unanipita kuingia kwa watu,
mpaka mzee wa kistari akafunua blanketi lake upande mmoja
akasema, "Funga mlango, wewe."

Asubuhi tulikunywa uji kwa zamu, vikombe vilikuwa kumi na viwili.
Mtoto hayupo. Mbwa hayupo.
Mzee ameketi juu ya godoro, koti limefungwa mpaka kidevuni,
anapuliza uji wake
wala hatazami palipokuwa na blanketi.

Mwisho wa Agosti mama wa kamati akaja na orodha.
Akahesabu kwa kidole, akarudia.
"Thelathini na tisa."
Nikafikiria kusema limeungua;
nikakumbuka jiko, sharti la pili.
Nikafikiria kusema limeibwa;
nikamwona askari wa kaunti akimvuta mtoto kwa kola.
"Panya," nikasema.
"Blanketi zima?"
"Walikuwa wengi, mama."

Alinitazama, akatazama ukuta, ile HO GERA,
akaandika kwa mwandiko wake wa shuleni:
*panya, moja.*

Kisha akanyoosha mkono apokee funguo.
Akashtuka kidogo.
Zilikuwa na joto; nilizishika tangu alfajiri.