Kupogoa

Mikono bado inanuka utomvu wa mizabibu ya Hombolo
ninapomwaga karata zote juu ya mkeka.
Sitini na tatu. Sheria inataka arobaini.
Mama anapita na karai, anaguna: "Karata tena?"
Si za kamari, mama. Hizi zina picha.
"Hata noti ina picha," anasema, anaenda zake.

Fungu langu ni la nyuki.
Nilianza na Vibarua wanne, niliobadilishana kwa vocha
na Ndahani, fundi simu wa nyuma ya Soko la Majengo,
halafu Mzinga wa Gome, Moshi wa Mrina Asali,
na Malkia mmoja, kona yake imekunjika.
Likanoga. Nikanogewa.
Nikaongeza chui kwa sababu ana macho mazuri,
radi kwa sababu inang'aa ukiigeuza kwenye taa,
kifaru, daraja, mchawi wa barafu
(barafu, na vumbi hili la Dodoma!)
hadi nyuki wakawa wageni ndani ya mzinga wao.

Jumamosi tatu mfululizo Ndahani amenichapa.
Mkononi nimeshika wakubwa watupu,
huyu anadai nguvu saba, yule nane,
mezani nina mbili,
nao wametulia kama waheshimiwa wanaongoja kikao kifunguliwe.
Yeye ana mchwa wake.
Kidogo, kidogo, nguzo imeshaliwa.
"Wahenga walisema fuata nyuki ule asali," akaniambia akichanga,
"hawakusema uwafuate ukiwa umepanda tembo."

Leo shambani Bi Yuditi alisimama nyuma yangu.
"Acha macho mawili. Mengine kata."
Nikamwambia, tawi hili lina majani mazuri.
"Kwani tunauza majani?"

Basi, kata.
Chui, nenda. Radi, nenda, na mng'ao wako.
Mchawi wa barafu sikumuaga hata.
Kifaru nilimtoa, nikamrudisha, nikamtoa.

Akabaki Tembo wa Kinamasi.
Huyu alitumwa na kaka Lameki kutoka machimbo ya Geita,
kafungwa ndani ya tiketi ya basi,
nyuma ya tiketi kaandika: *ukimpata huyu hushindwi.*
Mara kumi na nane ameingia mkononi mwangu,
hajawahi kukanyaga meza.

Mzabibu ukishapogolewa hutoa machozi siku mbili tatu,
matone safi kwenye kidonda,
na asiyejua hudhani umeuawa.
Nimemlaza tembo ndani ya kopo la maziwa, juu kabisa,
asigandamizwe na kifaru.
Lameki akipiga simu atamuulizia.
Nitasema yupo, anapumzika.

Nafasi zilizobaki nimezijaza vitu vidogo:
Vibarua wawili zaidi, Maua ya Mgunga matano,
karata za bei ya karanga ambazo hakuna anayezionea wivu.
Nikahesabu mara mbili, koroboi ikipepesuka.
Arobaini.

Jumamosi nimeshindwa tena.
Lakini kwa pointi moja, na jua lilikuwa limezama,
na simu tatu za wateja hazijafunguliwa hata skrubu.
Ndahani hakucheka.
Aliomba kulitazama fungu langu, akalipekua karata kwa karata,
akalirudisha kimya.
Kisha akavuta lake, akatafuta,
akatoa mchwa wawili
akawaweka pembeni.