Sifuri ya Ziada

Orodha yangu ya kwanza: unga, mayai mia mbili,
kikaango cha keki cha kuazima kwa mama yake Sondre,
na karatasi za chooni; huku Norwe
klabu yetu ya mpira wa mikono huishi kwa kuziuza.

Nikaandika sifuri moja ya ziada.

Lori likamwaga ukumbini theluji isiyoyeyuka,
mpaka golini.
Bi Torgunn, mweka hazina, akanitazama kitambo,
akavua koti.
"Mwanagenzi, shika upande huo."

Jumamosi hatukupamba chochote.
Tulijenga ukuta, wageni wakaulenga kwa mpira:
krona ishirini kila tundu.

Fedha za basi hazikutimia.
Zilipatikana za matairi.

Kabatini kwangu yamebaki marobota sita,
na kwenye daftari, ile sifuri
sijaifuta.