Ajenda ya Tatu

Mimi ndiye mwandishi wa jumuiya yetu, Igogo juu.
Daftari langu lina jalada gumu, mwandiko wangu unasomeka.
Jumapili ya kwanza ya Majilio, baada ya rozari, niliandika:
Ajenda ya tatu, njia ya kwenda kwa mama Leokadia.
Mvua za vuli zimeila. Palipokuwa na udongo
sasa ni jabali tupu, linateleza kama mgongo wa kambare,
na mama, tangu wamkate mguu kule Bugando,
hajashuka. Komunyo anapelekewa. Maji anapelekewa.
Jua tu ndilo linalompandia lenyewe.

Wajumbe walichangia. Mmoja akamtaja nabii na jangwa lake,
na milima itakayosawazishwa,
tukacheka kidogo, maana mlima wenyewe tumeukalia.
Nikauliza mmoja mmoja, kwa jina. Jumamosi?
Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo, katibu.
Nami nikajiandika wa kwanza, kwa wino wa buluu.

Sayi peke yake, aliyekaa mlangoni
na vumbi la kokoto kwenye kope,
alisema: Mimi siendi.
Fundi ananilipa kwa ndoo. Nisipoponda, hatuli.
Akainuka kabla ya sala ya kufunga.
Nikabadilisha kalamu. Kwa wino mwekundu:
Sayi Ng'wandu amekataa.

Jumamosi ile kulikuwa na mazoezi ya kwaya.
Jumamosi iliyofuata ilinyesha.
Niseme kweli: ilinyesha asubuhi tu.
Mchana dagaa walikuwa wameanikwa tena juu ya mawe,
na mimi nilikuwa ndani, napiga pasi sare ya zambarau,
nafanya mazoezi ya sauti ya pili,
ule wimbo wa kumwandalia Bwana mapito.

Kila alfajiri, kabla honi ya kivuko cha Kamanga haijalia,
nilisikia nyundo. Ko. Ko. Kimya. Ko.
Nikageukia ubavu wa pili: Sayi na ndoo zake.
Nilimhurumia, hata nikamwombea,
chini ya blanketi.

Siku niliyopanda ilikuwa Jumatano, siku isiyo na jina.
Nilibeba kitabu cha stakabadhi,
nimdai mama mchango wa sikukuu, shilingi elfu mbili.
Nilikuwa nimekanyaga vipandio kumi na kimoja
kabla sijagundua kwamba nakanyaga vipandio.

Mawe yamechongwa, yamelaliana kama watoto kitanda kimoja,
mapana ya kutosha magongo mawili na mguu mmoja.
Pale konani, upepo wa ziwa unapomsukuma mtu,
kuna bomba la kushikilia,
limefungwa kwa kamba ya nyavu kuukuu, fundo juu ya fundo.

Yeye alikuwa kwenye cha kumi na mbili, amepiga goti,
wala hasali. Hakuniuliza habari za Jumamosi.
Alisema tu: Shika upande huo.
Ukilegea litakuponda vidole.

Niliweka stakabadhi chini.
Nililegea. Likaniponda.

Juu kabisa, kwenye ndoo iliyopinduliwa,
mama Leokadia alikuwa anahesabu kwa sauti vilivyobaki,
anakosea, anaanza upya, anacheka peke yake.
Wabeja, alituita. Nani huyo wa pili?
Sayi akataja jina langu, akaongeza: amekuja kusaidia.
Sikumsahihisha.
Kitabu cha michango kilikuwa kimelowa tope.

Jumapili ya nne tulikutana. Mishumaa yote minne inawaka.
Mwenyekiti akasema: Yatokanayo.
Nilifungua ukurasa ule. Nilikuwa nimejaribu kuufuta wino mwekundu
kwa kiwembe, kwa mate; karatasi ikatoboka, maneno yakabaki.
Amekataa. Na juu yake jina langu, la buluu, safi, limesema ndiyo.

Nikaomba mwingine aandike siku hiyo.
Kidole changu kilikuwa kimevimba, hakishiki kalamu.
Wakauliza Sayi yuko wapi, kama ana udhuru.
Hakutuma udhuru.
Alikuwa amebakiza vipandio viwili,
na mawingu, upande wa Ukerewe, yalishaanza kukusanyika.