Kabla ya Vigae

Nimerudi kutoka Luanda na vigae vitatu vya mfano,
nimevifunga kwa gazeti, vizito mkobani kama deni:
kimoja cheupe chenye mishipa ya kijivu,
kimoja rangi ya chai ya maziwa,
cha tatu kinajifanya mbao.
Nimevipanga juu ya slabu ya sebule,
nikarudi nyuma hadi mlangoni, nikakodoa macho
kama mwalimu anayesahihisha insha asiyoielewa.

Asava, fundi wangu, hana subira.
"Weka cheupe, Mwalimu, nyumba itacheka."
Itacheka, ndiyo. Lakini huku Chavakali
udongo mwekundu huingia nyumbani kabla ya mwenyewe,
mvua ya saa tisa haikosi,
na nani atapiga deki mara nne kwa siku?

Mama hakuketi. Alivua kandambili,
akavikanyaga kimoja kimoja,
mkono ukutani, magoti yakimlalamikia.
Cheupe: "Hiki kitanivunja nyonga."
Cha chai: akanyamaza.
Cha mbao: akainama, akakigonga kwa ukucha.
"Kinasema uongo," akasema, "lakini kwa adabu."

Huyu ndiye aliyesiriba nyumba yetu ya nyasi kila Ijumaa,
samadi mbichi, majivu, maji ya chemchemi,
kiganja kikichora nusu duara juu ya nusu duara
hadi chumba kizima kikawa magamba ya samaki.
Sakafu ile haikupimwa kwa mita.
Ilipochakaa, alipiga magoti, akaanza upya.

Kuna kitu Asava anataka kukifukia kwa saruji laini:
karibu na dirisha, nyayo za kuku,
vidole vitatu, vitatu, vitatu,
zimekatiza slabu kutokea jikoni,
na nyuma yake wayo wa mtu, peku, mbioni.
Ni miaka mitatu sasa, zege lilikuwa bichi.
Kuku tulimla na mafundi jioni ileile.
Mwenye wayo anakana mpaka leo:
"Mguu wangu si mpana hivyo."
Namwambia aukanyage, tupime.
Anasingizia magoti.

Jana usiku tulitandaza nailoni sakafuni,
kingo zote nne tukazibana kwa selotepu.
Ikibaki kavu, Asava alisema, tunaweka.
Ikitoa jasho, tungoje.
Alfajiri nimekuta matone upande wa chini,
madogo, mengi, kama kwenye kifuniko cha sufuria.
Slabu iliyonyeshewa misimu mitatu bila paa,
nikisubiri mkopo wa chama,
bado inarudisha maji ya watu.
Nami nimefurahi, sijui kwa nini,
kama mwanafunzi aliyeahirishiwa mtihani.

Vigae nimeviegemeza ukutani,
vimetugeuzia mgongo.
Mama ameburuta kiti hadi dirishani apate jua,
anachambua mitoo, anazungumza na majani.
Mguu wake wa kulia, akidhani simtazami,
unatambaa, unapapasa, unatulia penye wayo.

Umeenea.
Isipokuwa kidole gumba.