Hoja Namba Saba, Arua

Mheshimiwa, sikuja na bango.
Nimekuja na risiti, imekunjwa mara nne,
ina doa la mafuta ya simsim:
paneli mbili, betri moja, waya mita tisa,
na chini, kwa muhuri wa baraza lenu,
*robo ya bei italipwa na jiji.*
Robo hiyo ndiyo iliyonipandisha ngazi.

Leo nasikia mnataka kuifuta,
hoja namba saba, baada ya chai.

Muulizeni Candiru mshonaji,
aliyetunga uzi kwa koroboi
hadi makamasi ya mwanawe yakawa meusi.
Muulizeni Ezati, vifaranga mia mbili,
usiku ule jenereta ilipokata roho.
Hakulia. Alihesabu tu,
akafika mia na tatu, akaacha.

Mnasema hazina imekauka.
Sawa. Hata kisima chetu cha Oli hukauka,
lakini hatuanzi kwa kuvunja ndoo.

Onzima ameshaezeka bati jipya kwa mkopo,
misumari bado inang'aa,
anangoja robo yake.
Mtamwambia nini, kwamba jua
nalo limepandisha kodi?

Na jambo moja nililoapa kutolisema:
karani wenu, huyu anayeandika,
kila umeme wa ofisi unapokatika
huleta simu kibandani kwangu, mbili,
moja ya kazi, moja sijui ya nani.
Namchajia bure.

Andika na hilo, mwanangu.