Waya wa Kurudi

Nakuru, Shabab, Julai. Ukungu wa Menengai
umelala kwenye boneti kama shuka isiyokunjwa.
Nazungusha ufunguo: ka.
Nazungusha tena: ka.
Ndiyo salamu yote ya Pijo la marehemu baba,
lililobeba kabeji za Molo
hata viti vikasahau kazi yao.

Jirani alisema betri.
Kaka yangu, kwa simu kutoka Doha, alisema betri.
Nikakopa, nikanunua betri.
Ikakaa pale, mpya, imenona,
na Pijo likajibu: ka.

Jebiwott alikuja saa tatu na mkoba wa shule wa mwanawe,
ndani bisibisi, koleo, msasa, chapati moja.
Hakugusa ufunguo. Aliuliza:
"Ukipiga stata, taa zinazimika au zinafifia?"
Sikujua.
Miezi miwili nimelitukana gari hili
wala sijawahi kulitazama usoni.

Zilififia, manjano, kama macho ya bawabu alfajiri.

Akatoa kitaa chake: balbu ya indiketa, nyaya mbili, msumari.
Kwenye betri, kikawaka.
Kwenye stata, kikawaka.
"Kutoka umetoka," akasema. "Tuone kurudi."
Waya mmoja kwenye injini,
mwingine kwenye hasi ya betri.
"Piga!"
Kikawaka hapo, mahali pa giza,
mahali ambapo mwanga ndio ugonjwa.

Akaingia chini, juu ya gunia,
ikabaki miguu tu, soksi moja ina tundu.
Kimya. Kisha:
"Nani alilipaka rangi?"

Baba. Kwa brashi, wiki ya mahafali yangu Egerton.
Bluu, ili nisione haya mbele ya wenzangu.
Hakubakiza kitu. Hata boliti ya athi aliifungua,
akapaka chini yake, akaifunga,
gari likaishi kwa meno ya boliti tu
hadi kutu ilipoyafikia.

Msasa ukalia. Unga wa bluu
ukamwangukia Jebiwott kopeni.
Nilitaka kusema, taratibu.
Sikusema.
Chuma kikatokeza, cheupe,
kiduara cha shilingi tano.

Likanguruma mara ya kwanza.
Jebiwott akajipangusa macho, akadai mia nne,
akaikata chapati vipande viwili.
Tulikula tumeegemea mlango,
injini ikitutetemesha mabega.